Nanga Tatu kwenye Mchanga wa Pipeline

Nanga ya kwanza niliyopata kuiona kwa macho haikuwa majini. Ilikuwa imeegemezwa kando ya jiko langu, ghorofa ya sita, mtaa wa Pipeline, Nairobi, ikinuka kutu na harufu nyingine ambayo mjukuu wangu aliniambia ndiyo bahari yenyewe. Vijana wawili wa mkokoteni waliipandisha wakiguna kila ngazi, na walipoitua walinitazama kama watu walioniletea maiti.

"Shosho, hii ni nini?" mmoja akauliza.

"Muulizeni aliyewatuma. Mimi ni mlinzi tu."

Na kweli nilikuwa mlinzi. Huko chini isingefika asubuhi. Chuma kikilala nje kwetu, jua likichomoza kimeshapandishwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Ndiyo maana ikaletwa juu kulala na mimi, kwa sababu mimi ndiye kitu pekee katika ile ploti ambacho hakiondoki.

Goti langu la kushoto lilikuwa limekataa ngazi. Niliteleza kwenye maji ya mtu aliyekuwa akipandisha mitungi, nikashuka ngazi nne kwa makalio, na tangu siku hiyo sikuwa nimekanyaga ardhi. Lifti hakuna. Ngazi ni nyembamba, giza mchana kutwa, na ukuta ni laini hauna mahali pa kushika. Nilipokuwa nikikaa mtaa wa Mowlem nilikuwa na mlango wa chini. Nikimwaga maji yanaanguka kwenye udongo, kuku wa jirani anakuja kuchungulia. Pipeline dunia yangu ilikuwa chumba, jiko, na kibaraza cha kuanikia nguo chenye vyuma mpaka juu. Nikishika vile vyuma na kusogeza uso naona kiwanja kilichobaki kati ya majengo, na ng'ambo yake, juu ya paa, tangi jeusi la maji. Kiwanjani walikuwa wameanza kuchimba msingi. Nilijua jengo hilo likipanda hata tangi sitaliona tena.

Watu wa habari hii wote nawajua kwa majina, mpaka mwenye mchanga na dereva wa lori aliyeumwaga. Lakini wengi wako hai na sikuwaomba ruhusa, basi majina yatabaki kwangu.

Mjukuu wangu ndiye aliyeleta nanga. Anapika kwenye boti ya tanga huko Kilifi, ya mzee mmoja daktari aliyestaafu, ambaye mwenyewe ndiye nahodha, na huchukua wageni kuwatembeza pwani, wiki hapa, wiki pale. Boti yenyewe ina vitanda, jiko, choo. Wanalala humo humo majini. Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza niliuliza, "Na usiku inafungwa wapi?" Akacheka, akasema haifungwi popote, inashikwa na nanga tu. Sikulipenda jibu hilo, lakini alikuwa na kazi, na wangapi hawana.

Alikuwa amekuja kwa sababu nanga hiyo ilimwacha. Alinihadithia jioni ya kwanza, akiniita susu, yaani nyanya kwa Kikamba, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma.

"Nahodha na wageni walikuwa wameenda ufukweni kula samaki. Nimebaki peke yangu namenya viazi. Kidirisha cha jikoni kinaonyesha tangi jeupe la hoteli, susu. Kila siku tuko hapo, tangi liko katikati ya kidirisha. Nimemaliza viazi, nimeshika vitunguu, nikainua macho. Tangi halipo."

"Limeenda wapi?"

"Halikwenda mahali. Ni mimi niliyekuwa naenda."

Nanga ilikuwa inakokoteka chini, juu ya majani ya bahari, haishiki chochote. Upepo ulikuwa unaisukuma boti polepole kwenda kwenye mwamba, bila kelele, bila mtikisiko, sufuria zimetulia mezani. Aliwasha injini kama alivyowahi kumwona nahodha akifanya, na alipoizuia, mawe alikuwa anayaona chini ya maji hadi rangi yake. Mjukuu wangu hajui kuogelea vizuri. Hilo mwenye boti hakulijua. Mimi nililijua.

Mzee wa boti hakumfokea. Alimwambia, "Wewe ndiye uliyekuwa ndani. Ichukue hii iwe kipimo, nenda Nairobi, tafuta nanga ya kisasa, uchague ile ambayo wewe mwenyewe utaweza kulala usingizi juu yake." Boti ikapandishwa nchi kavu kupakwa rangi, akapewa ruhusa. Na akaniambia kitu ambacho hakumwambia mzee: kwamba asipoipata hiyo nanga hatarudi. Ataacha kazi, atakuja kukaa na mimi hapa ghorofani, aone cha kufanya.

"Siwezi kulala tena mle ndani, susu. Nikifumba macho naona tangi linaondoka."

Nilimtazama, msichana mwenye miguu mizima, nikawaza amekaa na mimi kwenye kibaraza hiki tukishika vyuma. Nikamwambia ale.

Shida ilianza babake alipoingia.

Huyu ni kitinda mimba wangu, fundi wa kuchomelea. Kibanda chake kiko barabarani chini, anatengeneza mageti, madirisha, ngazi za chuma. Mkewe yuko Ukambani na shamba, kwa hiyo jioni hupanda kula kwangu. Aliiona nanga, akaizunguka, akaigonga kwa kidole, akamsikiliza bintiye mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nionyeshe picha ya hiyo ya kisasa."

Akaonyeshwa kwenye simu. Ile ya zamani ilikuwa kama jembe la ng'ombe, kitu ninachokijua, nimelishika nikiwa msichana. Ya kisasa ilikuwa tofauti. Ilikuwa na ulimi mmoja mpana uliobonyea kama sepetu, ncha kali, mkono uliopinda, na nyuma upinde wa chuma kama mshikio wa kikapu. Mjukuu akatueleza kwamba ule upinde ni wa kuibiringisha. Nanga ikitua kichwa chini, inageuka yenyewe mpaka ncha itazame mchanga.

"Hii?" mwanangu akasema. "Hii naitengeneza."

"Baba, iko dukani Eastleigh. Nimeshaongea na mwenye duka."

"Dukani? Mtoto wangu mimi anunue chuma dukani?"

Hapo ndipo mnatakiwa kuijua nyumba yetu. Marehemu mume wangu alikuwa mchongaji wa vinyago, na alikuwa na sheria moja: nyumba ya fundi hainunui. Viti alichonga, miiko alichonga, kitana, mchi, hata mguu wa meza ya redio ulipovunjika ulirudi ukiwa mguu wa twiga. Jirani akija na kijiko cha dukani alikuwa anamhurumia. Mwanangu hakupenda mbao, alipenda moto, lakini sheria aliihamishia kwenye chuma. Kitanda changu ni chake. Jiko ni lake. Vile vyuma vya kibarazani ni vyake, na bakora yangu ni bomba alilolichomelea mshikio. Kumwambia ati bintiye ataning'inia juu ya bahari kwa chuma cha mtu mwingine ilikuwa kama kumwambia hana mikono.

Mimi niliuliza swali langu la kijinga. "Kwani si mtafute tu jiwe zito kabisa?"

"Uzito haushiki, susu," mjukuu akasema. "Boti nzima ikivutwa na upepo, jiwe linatembea. Kinachoshika ni kuzama. Inatakiwa ijizike, na kila ikivutwa ijizike zaidi."

"Basi nitaitengeneza ijizike," akasema babake, na akashuka hata hajamaliza chakula.

Mtu asiyeweza kushuka ngazi hawezi kukwepa kesi. Wenzangu wakichoshwa na maneno ya nyumbani huenda sokoni, huenda kanisani, husema nakuja sasa hivi na wasije. Mimi kesi hunikuta nimekaa. Asubuhi mwanangu anapanda na vipande vya chuma, ananiwekea mapajani, "Mwaitu, shika hii, ni springi ya lori, unajua springi ya lori inabeba nini?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na akiniita hivyo kwa sauti ile najua anataka nimwambie ndiyo. Akishuka, mjukuu anatoka bafuni, anakaa kitandani pangu, ananong'ona.

"Susu, mwambie. Wewe atakusikia."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba geti si nanga."

"Mwambie wewe, una mdomo."

"Nikimwambia mimi atalia."

Alisema kweli. Mwanangu hulia kirahisi, amechukua kwangu. Basi nikakaa katikati yao, huku nimeegemewa na baba, huku nimeegemewa na mtoto, na ile nanga ya zamani pembeni ya jiko, kila nikipita inanigonga goti bovu.

Nanga ya mwanangu ilipokamilika aliipandisha mwenyewe begani kuniletea. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ameipaka rangi ya fedha. Ulimi umebonyea kama kwenye picha, upinde wa nyuma umekaa sawa, mishono ya moto imesuguliwa mpaka haionekani. Nilipitisha kiganja kote na haikunikwaruza popote.

"Iko laini," nikasema, na yeye akafurahi.

Mjukuu aliisogeza karibu na ile ya zamani. Kisha akasema neno moja la busara kuliko umri wake. "Tuzijaribu. Zote."

Kiwanja cha jirani kilikuwa kimemwagiwa mchanga wa kujengea, malori kadhaa, umesambazwa kama ufuko. Mchanga wa mito ya kwetu ule, niliujua rangi hata kutoka juu. Mwenye kujenga alikubali wautumie siku ya Jumapili, mafundi wake wakiwa hawapo, alimradi waurudishe ulivyokuwa. Na yule mfanyabiashara wa Eastleigh, mwenye duka la kamba, minyororo na vitu vya boti, alisema atakuja mwenyewe na nanga yake na pikapu ya kuvutia. Mtu wa heshima, ndevu zimepakwa hina, kazaliwa Eastleigh, Kiswahili chake kinakimbia kuliko changu. Alisimama chini ya kibaraza, akapaza sauti kuniamkia, akiniita mama kwa Kisomali.

"Hooyo! Shikamoo! Nimekuja kuuza, kwa hiyo usiniamini sana!"

"Marahaba! Na hiyo nanga yako ni ya kweli au ni ya kuiga?"

"Ya kuiga ninayo pia, mama, na bei yake ni tamu. Nimeiacha dukani kwa sababu huyu binti amesema atailalia. Nisingependa aje kuniota."

Mjukuu alisema mchanga lazima uloweshwe, chini ya bahari hakuna mchanga mkavu. Wakaanza kumwaga maji, mitungi kwa mitungi. Sasa nyinyi mnaijua Pipeline na shida ya maji. Vibaraza vyote vikajaa watu.

"Wee! Mnamwagia mchanga maji na sisi hatujaoga?"

"Unapandwa mboga?"

"Nileteeni mtungi mmoja huku, na mimi ni mchanga, nitamea!"

Mjukuu aliwapa mgongo. Alikuwa anapanga mnyororo. Mwenye duka alitaka kuufunga mfupi, karibu na gari, na yeye akakataa, akaunyoosha wote mpaka mwisho wa kiwanja. Niliwaona wanabishana, mikono inapepea. Baadaye alinieleza kwamba mnyororo mfupi unaivuta nanga kwenda juu, unaing'oa. Mrefu unalala chini na kuivuta kwa upole, kama mtu anayevuta blanketi la mtoto aliyelala.

Kwanza wakaiweka ile ya zamani. Pikapu ikasogea. Nanga ikalala ubavu, ikachimba kidogo, ikaruka, ikachimba tena, ikaruka. Kutoka juu niliona alama zake mchangani, kama nyayo za kuku. Nikaelewa kwa nini tangi la hoteli lilitoweka.

Kisha ya mwanangu. Aliiweka kwa mikono yake miwili, akapanguza vumbi, akarudi nyuma. Pikapu ikavuta. Nanga ikateleza juu ya mchanga moja kwa moja, njia pana, laini, haikuzama hata kidogo, kama mwiko mgongoni mwa ugali uliopoa. Vibaraza vikacheka. Mimi nilikaza mikono kwenye vyuma.

Mjukuu akachuchumaa, akaishika ncha. "Baba," akasema, na kiwanja kilikuwa kimenyamaza kiasi kwamba nilimsikia, "umeua ncha."

Mwanangu akatazama. Akashika kichwa. Hata hakujua kwamba amefanya. Fundi wa mageti wa huku Eastlands hawezi kuacha ncha. Watoto wanacheza kwenye kila kizingiti, wanakimbia gizani kwenye vijia ambavyo mtu mnene hupita kimbavumbavu, na ncha moja ya geti ni jicho la mtoto. Kila chuma kinachopita mikononi mwake, kabla hajakipaka rangi, mkono unakwenda wenyewe kwenye mashine ya kusugua na kuiua ncha. Mimi mwenyewe nilipokuwa napitisha kiganja nikaisifu kwa ulaini, nilikuwa nasifu kosa. Nanga isiyoweza kumchoma mtoto haiwezi kuuchoma mchanga pia.

"Ngojeni," akasema. Akakimbilia kibandani, akarudi na mashine, waya ukachomekwa kwenye nyumba ya chini, cheche zikaruka. Niliyaona mabega yake, anafanya kazi kama alivyokuwa akifanya akiwa kijana. Alipomaliza, ncha ilimeta.

Pikapu ikavuta tena. Nanga ikasita, ikainama, ikaingia. Ulimi ukazama wote. Mnyororo ukakazika na gari likasimama likiunguruma.

"Imeshika! Fundi! Imeshika!"

Kelele ilipanda mpaka kwangu. Watoto wanagonga vyuma kwa vijiko. Mwanangu aliinua uso kunitafuta, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Kwa kitambo kile nilidhani yamekwisha, kwamba nimeokoka, sitalazimika kusema neno.

Lakini mjukuu hakuwa anapiga makofi. Alisubiri watu watulie, akamwambia mwenye duka, "Sasa kwa ubavu. Upepo hugeuka."

Pikapu ikazunguka, ikavuta kutoka kando. Sikusikia sauti, niliona tu. Ule mkono wa nanga, uliopinda vizuri kama kwenye picha, ukaanza kupinda upande mwingine, taratibu, bila kuvunjika, kama kijiko cha alumini kwenye asali ngumu. Ulimi ukabaki umezikwa unaelekea kule, mkono unaelekea huku. Gari likasimama. Hakuna aliyecheka safari hii.

Wakaijaribu ya dukani kwa sababu ilikuwepo. Ilizama kabla gari halijapita urefu wake. Na ilipovutwa kwa ubavu nikaona kitu ambacho watu wa chini nadhani hawakukiona vizuri. Mchanga wote juu yake ulisogea, ukageuka kama mtu anayejigeuza kitandani bila kuamka, kisha ukatulia. Nanga ilikuwa imegeukia upepo na haikutoka. Matairi ya pikapu yakabaki yanazunguka mahali pamoja, yanarusha tope.

Mwenye duka alishuka garini, akaenda moja kwa moja kwa mwanangu. "Kaka," akamwambia, "ile yako ingekuwa geti, hata tembo angebisha hodi."

Mwanangu hakumwangalia. Alikuwa ameshika kile chuma kilichopinda. "Nitaweka mkono mnene zaidi," akasema. "Nipeni wiki. Nitatafuta springi mbili, nizishikanishe."

"Baba, boti inarudi majini."

"Nipe wiki!"

"Baba, tafadhali."

"Nyumba ya fundi hainunui!" akapiga kelele, na sauti ilikuwa ya babake kabisa, mpaka nikashtuka. "Mwaitu! Mwambie! Mwambie babu yake alisema nini!"

Na uso wa kila mtu ukainuka kwangu. Kiwanja chote, vibaraza vyote. Mjukuu wangu naye aliinua uso, na wake haukuwa unaomba. Ulikuwa umeshakata tamaa. Nikaona anafikiria chumba changu, na mahali atakapotandika godoro. Hapo pa kukimbilia sikuwa napo. Ningekuwa chini ningesema nahisi kizunguzungu, wangenipeleka kivulini. Huku juu nilikuwa nimesimama ndani ya vyuma, nimevishika kama mfungwa, na kila mtu anasubiri.

Basi nikawaambia, kwa sauti yote niliyonayo.

"Babako alinichongea kiti! Ulikuwa mdogo, hukumbuki! Alichonga kwa mti mbichi kwa sababu alikuwa na haraka ya kunifurahisha! Kilikuwa kizuri kuliko vyote! Nikakikalia mbele ya wageni, kikapasuka, kikanibana nyama ya makalio, nikalia mbele ya mzee wa kanisa!"

Pipeline nzima ikapasuka. Nikangoja.

"Unajua alifanya nini? Alikitia kile kiti jikoni, tukapikia maharagwe! Halafu akaenda dukani akaninunulia kiti cha plastiki, cha bluu! Akaniambia, fundi anayependa kazi yake kuliko makalio ya mke wake si fundi, ni mtu anayejipenda! Sasa nunueni ya dukani! Mtoto alale!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwanangu aliweka chini ile nanga yake. Alijifunika uso kwa mikono, na kutoka ghorofa ya sita huwezi kujua mtu anacheka au analia. Kisha akaondoka kiwanjani, akapita katikati ya watu, akaingia kibandani.

Mjukuu alirudi Kilifi na nanga ya Eastleigh kwenye buti la basi. Ile ya zamani ilipimwa kwenye mizani, nilifurahi kuisikia ikishushwa. Alipokuwa ananiaga alinikumbatia kwa nguvu.

Mwanangu hakupanda. Chakula changu kililetwa na mama wa ghorofa ya tano anayekaanga mandazi, akisema tu, "Fundi amesema ule." Siku zikapita hivyo hivyo. Msingi wa jengo jipya ukamwagiwa zege, kuta zikapanda, na mimi natazama. Nilimtahayarisha mtoto wangu mbele ya wateja wake wote, kwa kisa cha makalio. Nilikuwa nimemwokoa mmoja nimempoteza mwingine, na huyo niliyempoteza alikuwa chini yangu pale pale, nasikia nyundo yake, siwezi kumfikia.

Kisha asubuhi moja nikasikia mashine ya kutoboa ukuta mlangoni kwangu. Nikafungua. Mwanangu alikuwa amepiga magoti ngazini, anafunga bomba la kushikia kwenye ukuta. Niliutambua ule upinde wa nyuma wa nanga, ameukata, ameugeuza kuwa kishikio pale ngazi inapopinda. Bado una rangi ya fedha. Ncha zote ameziua.

"Mwangalizi wa ploti amekubali ngazi hii ya sita hadi tano tu," akasema bila kuniangalia. "Nyingine mpaka mwenye nyumba aseme."

"Ngazi moja inatosha kwa kuanzia."

"Kiti kilikuwa cha bluu kweli?"

"Bluu kabisa. Mguu mmoja mfupi."

Akatikisa kichwa. "Shuka," akasema. "Mimi niko nyuma."

Nilishuka kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Nilipofika ghorofa ya tano mama wa mandazi alinivutia ndoo nikae, karibu na kidirisha cha ngazini. Nilikuwa natweta kama nimepanda mlima. Huko chini zaidi ukuta ni laini bado, hauna cha kushika, na sijafika huko mpaka leo.

Mjukuu wangu hupiga simu wakiwa majini. Juzi alipiga nikiwa pale pale kwenye ndoo. Upepo wa kusi umekaza, alisema, wamejificha kwenye ghuba ile ile ya hoteli, wamekwama, hakuna anayeruhusiwa kutoka, wageni wamemaliza karata na biskuti na sasa wanagombana. Upepo umeshageuka na kurudi ulikokuwa.

"Na tangi liko wapi?" nikamuuliza. Ndilo swali langu kila akipiga.

"Katikati ya kidirisha, susu. Halijasogea hata kidogo. Nimelala mpaka nahodha akanigongea chai."

Nikainua macho kwenye kidirisha cha ngazini kutazama langu. Halikuwepo. Nilipotegemea tangi jeusi palikuwa na ukuta, nguo za watu na kipande cha paa nisichokijua.

"Langu limeondoka," nikamwambia.

"Susu? Uko wapi?"

Nikashika bomba la mwanangu, likawa baridi na imara mkononi.

"Ghorofa ya tano," nikasema.